Nnamasole kati ya Cheo na Unyumba: Mgogoro wa Mengo wa 1941 na Historia ya Mfumodume Kampala

Utangulizi

Mjadala kuhusu mfumodume nchini Uganda huendeshwa mara nyingi kana kwamba una pande mbili tu. Upande mmoja hushikilia kwamba mila ndizo zilizomfungia mwanamke nyumbani, kisha dini mpya na sheria za kisasa zikaja kumfungulia mlango. Upande wa pili hushikilia kwamba mwanamke alikuwa na heshima yake katika mila hadi wageni walipoivuruga. Makala haya yanarejea tukio ambalo haliingii vizuri katika simulizi yoyote kati ya hizo, nalo ni ndoa ya pili ya Nnamasole Irene Drusilla Namaganda mwaka 1941, ndoa iliyomwangusha Katikkiro wa Buganda. Hoja yangu ni kwamba, chini ya ugomvi uliosikika baina ya mila na Ukristo, palikuwa na swali jingine: je, Nnamasole ni cheo cha dola au ni uhusiano wa kifamilia? Swali hilo lilikuwa limeanza kujibiwa kwa njia ya tafsiri miongo kadhaa kabla ya 1941. Kwa kuwa mimi ni mtafiti wa lugha, nitayatazama zaidi maneno.

Kabaka watatu

Katika Buganda ya kale, jina la Kabaka halikuwa la mtu mmoja. Liliwastahili watatu: mfalme mwenyewe, Nnamasole ambaye ni mama yake, na Lubuga, dada yake aliyetawazwa pamoja naye. Kwa mujibu wa John Roscoe, aliyeandika mwaka 1911, Nnamasole alikuwa na ikulu yake, maofisa wake akiwamo Katikkiro wake mwenyewe, na mashamba katika wilaya mbalimbali za ufalme. Makazi yake yalitenganishwa na ya mwanawe kwa kijito cha maji yanayotiririka, kwani wafalme wawili hawakai kilima kimoja. Jambo lenye uzito zaidi kwa hoja hii ni kwamba Nnamasole alipofariki, ukoo wake ulitoa mwanamke mwingine kushika nafasi hiyo. Mama mzazi hana mrithi. Mwenye kiti ndiye hurithiwa.

Cheo hicho kilikuwa na gharama. Nnamasole hakuruhusiwa kuolewa tena wala kuzaa baada ya mwanawe kutawazwa. Aidha, mamlaka yake hayakuwafikia wanawake wa kawaida, ambao wengi wao walihesabiwa pamoja na ng'ombe na vitambaa vya magome katika zawadi na nyara zilizotolewa kwa wakubwa. Nakanyike Musisi ameonyesha jinsi ndoa za wake wengi miongoni mwa watawala zilivyokuwa sehemu ya ujenzi wa dola yenyewe. Kwa hiyo siafikiani na wanaoipamba Buganda ya kale kama bustani ya usawa. Ninachosisitiza ni kwamba palikuwa na kiti cha utawala kilichokaliwa na mwanamke, na kwamba kiti hicho kilikuwa na masharti yake.

Mwaka 1862 John Hanning Speke alilazimika kugawa siku zake baina ya ikulu mbili, ya Muteesa I na ya mama yake. Mazungumzo yake yalipita katika Kiswahili, kupitia wakalimani wake Bombay na Nasib, kabla ya kufika katika Kiganda. Hata hivyo, alipoandika kitabu chake alimwita Nnamasole kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mjane wa mfalme. Alikuwa ameketi mbele ya mamlaka, akaandika habari za unyumba.

Mkataba wa 1900

Kilichokuwa udhaifu wa msafiri kilipata nguvu ya sheria tarehe 10 Machi 1900, Sir Harry Johnston alipotia saini Mkataba wa Buganda pamoja na watawala waliomshikia nafasi Daudi Chwa, mtoto wa miaka mitatu. Katika mgawanyo wa ardhi, Kabaka alipewa maili 350 za mraba na Nnamasole 16. Mama wa Mwanga, aliyetajwa naye kwa jina hilo la Nnamasole, alipewa 10. Kwa kutazama ardhi peke yake, mtu angeweza kusema cheo kiliheshimiwa. Lakini kifungu cha posho kinaeleza zaidi. Nnamasole alitengewa pauni 50 kwa mwaka muda wote wa uhai wake, na mkataba ukaongeza kwamba mama za Kabaka watakaofuata hawatapata posho hiyo kama haki. Kiti kiligeuzwa kuwa kiinua mgongo cha mtu binafsi.

Lukiiko nalo lilipewa muundo wa maandishi: mawaziri watatu, machifu 20 wa masaza, watu mashuhuri watatu kutoka kila saza, na watu sita wa kuteuliwa na Kabaka. Jumla ni 89. Nnamasole hayumo, wala Lubuga. Hakuna kifungu kilichosema kwamba wanawake wanaondolewa katika utawala, na pengine ndiyo maana jambo hilo limekosa mwanahistoria wake kwa muda mrefu; waliondolewa kwa kutotajwa.

Kanisa lilileta daraja jingine. Mwaka 1914 Daudi Chwa alifunga ndoa na Irene Drusilla Namaganda katika kanisa kuu la Namirembe. Irene alikuwa amesoma Gayaza, shule ya wasichana iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1905. Ikulu ya zamani ilikuwa na wake wenye vyeo kama Kaddulubaale, Kabejja na Nassaza, kila mmoja na majukumu yake, yakiwamo ya kidini. Ndoa ya pete ilimtambua mke mmoja tu, ikampa hadhi ya juu mno, lakini hadhi ya mke.

1941

Daudi Chwa alifariki Novemba 1939, na Muteesa II akarithi akiwa na umri wa miaka 15. Irene akawa Nnamasole. Mwaka 1941 aliomba kuolewa na mtu asiye wa ukoo wa kifalme. Askofu Cyril Stuart hakuona kizuizi, kwa kuwa mafundisho ya Kanisa humruhusu mjane kuolewa. Katikkiro Martin Luther Nsibirwa aliridhia. Machifu na wananchi wengi walighadhibika, Nsibirwa akalazimika kujiuzulu, Samwiri Wamala akachukua nafasi yake, na Irene akapoteza cheo.

Tuyapime maneno ya pande zote mbili. Kwa Askofu, Irene alikuwa mjane, na mjane yuko huru. Kwa wapinzani, alikuwa Nnamasole, na Nnamasole haolewi. Kwa sharti lenyewe, wapinzani ndio waliokuwa karibu zaidi na maana ya kale ya cheo. Lakini sharti hilo lilikuwa nusu ya mapatano. Nusu ya pili, yaani ikulu inayojitegemea na sauti katika utawala, ilikuwa imeondolewa tangu 1900, na miongoni mwa waliolitetea sharti kwa jina la mila, kurejeshwa kwa nusu hiyo hakukuwa sehemu ya madai. Irene alidaiwa kodi ya shamba alilokwisha kunyang'anywa. Kanisa, kwa upande wake, lilimfungulia mlango wa ndoa, lakini halikuwa na mlango mwingine wa kumwonyesha. Wanawake wa kwanza wa Kianglikana nchini Uganda walipata upadri mwaka 1983, tena Kigezi, mbali na Namirembe. Kila upande ulikuwa na jibu la nani anamwoza Nnamasole au anamzuia. Baraza lililotikiswa na suala hilo halikuwa na mwanamke hata mmoja ndani yake.

Nsibirwa alirejeshwa madarakani baada ya machafuko ya 1945. Tarehe 5 Septemba mwaka huohuo alipigwa risasi na kuuawa mlangoni pa kanisa la Namirembe, katika hasira iliyohusu zaidi sheria ya kutwaa ardhi, ikiwamo ya kupanua Makerere. Mwaka huo Makerere ilipokea wanafunzi wake sita wa kwanza wa kike. Binti yake, Rhoda Kalema, aliketi baadaye katika Bunge la Katiba lililoandika Katiba ya 1995.

Tafsiri na sera

Katiba hiyo, katika ibara ya 33, inapiga marufuku mila zinazodhalilisha utu na maslahi ya wanawake. Ibara ya 246 inaruhusu uongozi wa kijadi kwa mujibu wa utamaduni wa watu husika. Ibara hizi mbili husomwa kana kwamba zinavutana, upande mmoja mwanamke na upande mwingine mila. Usomaji huo unachukulia kwamba utamaduni wa Buganda ni ule uliobaki baada ya 1900.

Kiswahili sasa kimo ndani ya suala hili moja kwa moja. Tangu marekebisho ya 2005 ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na nyaraka za umma zinapotafsiriwa, mfasiri atakutana na neno Nnamasole. Mapendekezo ninayoyasikia katika warsha ni "mama mfalme", "mama wa Kabaka" na "malkia mama". La kwanza linababaisha: je, ni mama aliye mfalme, au mama wa mfalme? La pili ni sahihi kwa nasaba na si sahihi kwa dola, kwa kuwa halielezi ni vipi kiti kinaweza kurithiwa na mwanamke asiyemzaa Kabaka. La tatu limeazimwa kutoka ufalme ambao malkia wake ni mke. Hatutafsiri Kabaka, tunamwandika Kabaka. Napendekeza Nnamasole na Lubuga waandikwe vivyo hivyo katika kamusi na nyaraka za serikali, na fasili ianze na neno "cheo", kisha ndipo uhusiano wa damu utajwe.