Ndoo, Tambara na Adabu: Kazi Yetu ya Mwanzo Uingereza

Watayarishaji wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike machache juu ya kazi tuliyoifanya sisi kina mama tulipofika Uingereza baada ya Mapinduzi ya Unguja ya 1964. Nimekubali, kwani vijana wetu wanajua kuwa babu zao walikuwa makarani na waalimu huko nyumbani, lakini hawajui kuwa makoti na viatu vya skuli vya wazee wao vilinunuliwa kwa fedha za ndoo na tambara. Wengi wetu tuliificha kazi hiyo. Katika barua za nyumbani tuliandika tu, "Niko kazini, sijambo."

Kwanza ifahamike kuwa kazi hii ina taarikhi yake. Mwaka 1861 Isabella Beeton alitoa kitabu kikubwa juu ya uendeshaji wa nyumba. Humo kila mtumishi ameandikiwa kazi zake, na bibi mwenye nyumba naye ameandikiwa wajibu wake. Zamani hizo aghlabu mtumishi alilala katika nyumba ile ile aliyoisafisha. Kisha mwaka 1901 mhandisi Hubert Cecil Booth akaunda mashine ya kuvuta vumbi, kubwa hata ikabidi ikokotwe na farasi. Ilisimama barabarani na mipira yake ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya kutawazwa Mfalme Edward wa Saba. Watu wakazoea kuwa usafi unaweza kuja mlangoni, ukafanywa, ukalipwa, ukaondoka.

Vita Kuu mbili ziliwapeleka wanawake viwandani na maofisini, na wengi hawakutaka tena kurudi utumishini. Mwaka 1945 Violet Markham na Florence Hancock waliiandikia serikali ripoti juu ya kazi za majumbani, na mwaka 1946 ikaundwa National Institute of Houseworkers, ili wafanyakazi wafundishwe, wafanye mtihani na wapewe cheti. Yaani kusafisha nyumba kulihesabiwa kuwa ufundi, kama useremala.

Mimi cheti hicho sikukipata. Nilipofika London mwaka 1968 nilifundishwa na bibi mmoja wa kwetu aliyenitangulia. Alinambia: "Mwanangu, anza juu ushuke chini. Pangusa vumbi kwanza, sakafu iwe mwisho. Tambara la choo lisikutane na la jikoni. Kitu ukikinyanyua, kirudishe pale pale. Droo iliyofungwa usiifungue, na barua iliyo wazi usiisome. Ukivunja kitu, sema siku hiyo hiyo."

Mwaka uliofuata nilivunja kisahani. Nikaviweka vipande vyake juu ya meza, nikamngoja mwenye nyumba huku moyo unanidunda. Hakunikata mshahara. Wiki ya pili yake alinikabidhi ufunguo wa mlango.

Wenzetu wengine walisafisha maofisi usiku. Mwaka 1970 May Hobbs, mwenyewe mfagiaji, alianza kuwakusanya wanawake hao wajiunge na chama cha wafanyakazi. Wengi wao walikuwa wageni kama sisi. Mwaka 1972 wafagiaji wa jengo la serikali la Empress State, Fulham, waligoma, na wakapata nyongeza.

Wakati huo nilikuwa nikisafisha nyumba nyingine. Bibi wa huko alisema jina langu gumu, akaniita Mary. Mshahara alinipa kila Ijumaa bila kuchelewa, lakini miaka miwili nilikuwa Mary. Siku moja, nikipiga deki jikoni kwake, nikamkumbuka mtu aliyekuwa akifagia ua wetu Unguja kila alfajiri kwa ufagio wa chelewa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, nasi watoto tukimwita "boi". Nikamwandikia mama kumwuliza jina lake. Akanijibu kuwa hakuwahi kulijua. Barua ile ninayo mpaka leo.

Hili nalo tusiwafiche watoto wetu. Mwaka 1897 utumwa uliondolewa katika sheria za Unguja. Katika ndimi zetu ulikawia. Tuliokuwa tukiagiza maji bila ya kusema tafadhali, adabu hiyo tulikuja kuisoma ugenini, tulipoushika ufagio wenyewe.

Wazee walisema, kazi mbaya si mchezo mwema. Mimi nasema kazi ile haikuwa mbaya hata kidogo. Leo baadhi ya wajukuu zetu wanawaita wasafishaji majumbani mwao, nao wanatoka nchi za mbali kama tulivyotoka sisi. Wosia wangu kwenu, wanangu, ni huu: mlipeni mtu siku mliyomwahidi, mkaribisheni chai, na kabla hajashika ufagio mwulizeni jina lake, mlitamke mpaka mlijue.

Wassalaam.