Vinasaba

Nasaba ni ukoo: fulani bin fulani bin fulani. Neno la Kiarabu, tumelizoea. Tukalipachika vi-, likawa vinasaba, likaingia kwenye tone la damu. Kwa kuwa tunalisikia zaidi kwenye ugomvi wa mtoto ni wa nani, wengi hudhani kazi yake ni hiyo tu.

Lakini mwaka 1986 polisi wa Leicestershire, Uingereza, walimshikilia kijana wa miaka 17. Alikiri kumuua msichana mmoja, akakana katakata kumuua mwingine aliyeuawa 1983. Sampuli zikapelekwa kwa Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, aliyegundua mbinu ya kulinganisha vinasaba mwaka 1984. Majibu: muuaji ni mmoja, na si kijana huyu. Yaani kwenye kesi za jinai vinasaba vilianza kwa kumtoa mtu mahabusu, pamoja na kukiri kwake kote.

Wanaume wapatao 5,000 wa vijiji vya jirani wakatolewa sampuli. Patupu. Muuaji, Colin Pitchfork, mwoka mikate, alikuwa amemtuma mfanyakazi mwenzake akatolewe damu kwa jina lake, picha ya mwenzake ikiwa imebandikwa kwenye pasipoti yake. Mwenzake akaropoka baa, na aliyesikia hatimaye akaenda polisi.

Kwa hiyo mimi mhariri, mwandishi akiniletea sentensi "vinasaba vilimnasa Pitchfork", naikata. Vilimthibitisha akiwa tayari mikononi mwa polisi. Januari 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha.