Ukuaji Usio wa Kawaida wa Mtoto Tumboni (Mugunga, Goma)

Ukuaji usio wa kawaida wa mtoto tumboni ni hali ya mtoto kuwa mdogo au mkubwa kuliko inavyotarajiwa kwa umri wa mimba. Mtoto huhesabiwa mdogo uzito wake unapoangukia katika asilimia 10 ya chini kabisa ya watoto wa umri huo. Si kila mtoto mdogo ni mgonjwa, kwani wengine wamerithi umbo dogo. Aliye hatarini ni yule aliyezuiwa kukua, mara nyingi kwa sababu kondo la nyuma halimfikishii chakula na oksijeni ya kutosha.

Mazingira ya Mugunga

Mugunga ni mtaa wa magharibi mwa Goma, katika komini ya Karisimbi, kwenye barabara ya Sake. Ulipokea wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, na baadaye Wakongo waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Mugunga na Lac Vert na kuua raia. Mwanzoni mwa 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, wakimbizi waliokuwa kambini walilazimika kuhama tena. Kila uhamisho hukatiza kliniki ya wajawazito (CPN), na upimaji wa ukuaji hauna maana bila mfululizo wa vipimo.

Upimaji

Msingi wa yote ni umri wa mimba. Hukadiriwa kwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na huthibitishwa kwa ekografi. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza ekografi moja kabla ya wiki 24, na mahudhurio 8 ya kliniki. Kuanzia wiki 24, mkunga hupima kwa utepe kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi. Sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Tofauti inayozidi sentimita 3, au kipimo kisichopanda, huhitaji ekografi.

Chati za WHO za 2017 za ukuaji wa mtoto tumboni zilitokana na wajawazito wa nchi 10, Kongo ikiwemo. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwinuko hupunguza uzito wa kuzaliwa kwa wastani wa gramu 100 kwa kila mita 1,000. Hilo lisiwe kisingizio cha kumpuuza mtoto asiyekua.

Sababu

Sababu kuu za mtoto kuzuiwa kukua ni shinikizo la damu la mimba, malaria, utapiamlo, upungufu wa damu, maambukizi na mimba ya mapacha. Utafiti uliofanyika Kinshasa ulionyesha kwamba malaria hudhuru zaidi ukuaji wa mtoto wa mama mwenye lishe duni, na wanawake waliokimbia vita hukutwa na yote mawili.

Matunzo

Hakuna dawa inayomnenepesha mtoto tumboni. Kazi ya mhudumu ni kuondoa sababu, kumfuatilia mtoto na kuchagua wakati wa kumzalisha. Mama hupewa chandarua, dozi za SP za kuzuia malaria kila mwezi kuanzia wiki 13 (angalau tatu), madini ya chuma na asidi ya foliki, na chakula cha nyongeza. Shinikizo la damu hupimwa kila ziara.

Mtoto akidhihirika kuzuiwa kukua, mama apelekwe hospitali yenye huduma ya upasuaji na ya watoto wachanga. Huko hupimwa mtiririko wa damu katika kamba ya kitovu kwa ekografi ya Doppler. Ukiwa mzuri, kwa kawaida mama huzalishwa karibu na wiki 37. Ukikatika au kurudi nyuma, huzalishwa mapema zaidi. Kabla ya wiki 34, sindano za steroidi huandaa mapafu ya mtoto.

Mtoto mkubwa, wa gramu 4,000 na zaidi, hufanya mama ahitaji kupimwa kisukari. Mabega yake yanaweza kukwama wakati wa kuzaliwa, na sukari yake kushuka baadaye.

Mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mara moja, na anyonyeshwe mapema. WHO ilisisitiza hivyo mwaka 2022.

Kwa Mugunga, fishi ya kliniki ina thamani ya dawa. Mhudumu aandike humo umri wa mimba na kila kipimo, na mjamzito anayehama aibebe pamoja na vitu vyake vya kwanza.