Karne ya sheria za pombe Kenya, na sumu iliyopenya

Mnamo Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru jijini Nairobi, watu walikunywa pombe iliyojulikana kama kumi kumi, kwa kuwa gilasi iliuzwa shilingi kumi. Walirudi nyumbani wakalala. Wengine waliamka wakiuliza kwa nini taa zimezimwa, ilhali kulikuwa kumekucha. Zaidi ya watu 120 walikufa, na wengine wengi wakapofuka.

Kilichowaua ni methanoli, kemikali ya viwandani inayotumiwa katika viyeyushi vya rangi. Mnywaji hawezi kuitambua kwa macho wala kwa ulimi. Ikifika kwenye ini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, nayo asidi hiyo hushambulia neva ya jicho na kuvuruga mwili mzima. Ubaya wake mkubwa ni kwamba haijitangazi mapema. Dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24, kwa hiyo mgonjwa hudhani ni uchovu wa ulevi, naye mkewe humwacha apumzike. Anayewahishwa hospitalini, akapewa dawa ya kuzuia sumu na kusafishwa damu, anaweza kupona. Wakazi wengi wa Mukuru hawakuwa na nafasi hiyo.

Kwa nini mtu anunue kinywaji asichojua kimetengenezwa na nini? Jibu la haraka ni umaskini, na ni jibu la kweli. Lakini historia ya sheria zetu ina sehemu yake, nayo si ndogo.

Mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yaliyokutana Brussels yaliafikiana kuzuia pombe kali isiuzwe kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara hili, Kenya ya leo ikiwemo. Serikali ya kikoloni ikaendeleza ubaguzi huo ndani ya nchi. Kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia yake ya chupa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Pombe kali alizisubiri hadi miaka ya 1950. Wakati huohuo baraza la mji wa Nairobi lilijifunza kutoka Durban, Afrika Kusini, kwamba pombe ya Mwafrika inaweza kuwa chanzo cha mapato. Likajenga ukumbi wake wa pombe katika mtaa wa Pumwani, likauza lenyewe, na faida ikagharamia huduma za Waafrika mjini. Wanawake waliopika pombe majumbani mwao hapohapo Pumwani walikamatwa na kufungwa. Kosa lao halikuwa kudhuru afya ya mtu. Walikuwa wakishindana na baraza la mji.

Uhuru ulipokuja ubaguzi wa rangi uliondoka, lakini mazoea ya kuamua nani auze na nani apate faida hayakuondoka. Mwaka 1980 bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa, pombe kali inayopikwa kienyeji. Haikuacha kunywewa. Ilipikwa kandokando ya mito na vichakani, mbali na macho ya mkaguzi wa afya lakini si mbali na askari mwenye kiu ya mlungula. Biashara inayofanywa gizani haina kipimo, wala mnunuzi hana pa kulalamika. Aliyetaka chang'aa iwe kali haraka alipata njia ya mkato dukani kwa muuza kemikali.

Tukio ambalo naona lingepaswa kufundishwa kwa kila mtunga sera ni la bia ya Senator. Ilianza kuuzwa mwaka 2004 kutoka kwenye mapipa, kwa bei ambayo mtu wa kipato kidogo aliimudu, kwa sababu serikali iliisamehe ushuru ili kuwavuta wanywaji waache pombe hatari. Wengi waliihamia. Mwaka 2013 serikali ikarudisha nusu ya ushuru huo. Bei ikapanda na mauzo yakaporomoka vibaya. Mei 2014 zaidi ya watu 80 walikufa katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo, kwa kunywa pombe yenye methanoli. Siwezi kudai kwamba ushuru peke yake uliwaua, lakini mnywaji aliyepandishiwa bei hakuacha kunywa. Mwaka uliofuata msamaha wa ushuru ulirejeshwa kwa sehemu kubwa.

Katikati ya hayo ndipo ilipokuja sheria ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Ilihalalisha chang'aa iliyopimwa na kufungwa chupani. Ilikataza vifungashio vya chini ya mililita 250, ikazuia kuuzia walio chini ya miaka 18, na ikaamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Ilikuwa sheria nzuri. Watu waliichukia kwa sababu ya saa, wakasahau kifungu chenye uzito zaidi, kile cha kujua kilichomo chupani.

Pombe halali nayo si salama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vileo viliua watu milioni 2.6 duniani mwaka 2019, na saratani ya ini, ajali za barabarani na vipigo majumbani havibagui kati ya chupa yenye leseni na isiyo nayo. Saa za kuuza na umri wa mnunuzi lazima vilindwe.

Ila Februari 2024, katika kaunti ya Kirinyaga, watu wasiopungua 13 walikufa tena kwa pombe yenye sumu. Serikali yenyewe ilieleza kwamba shehena hiyo ilikuwa imekwisha kunaswa na kuhifadhiwa kama kielelezo katika kituo cha polisi, kisha ikatoka na kurudi kwa wauzaji. Bunge lisitunge sheria nyingine kabla ya kuuliza ilitokaje. Pombe inayonaswa ipimwe, matokeo yatangazwe kijijini ilikonaswa, na imwagwe mbele ya mashahidi siku hiyohiyo mahakama inapotoa idhini.