Kamera ya Dijitali kwa Mpiga Picha wa Ridhaa (Ruiri, Meru)

Kamera ya dijitali ni chombo kinachopokea mwanga kupitia lenzi, kikaugeuza kuwa umeme juu ya kibamba kidogo kiitwacho sensa, kisha kikauandika kama tarakimu ndani ya kadi ya kumbukumbu. Mpiga picha wa ridhaa ni yule anayepiga kwa mapenzi yake, hata kama mara mojamoja hulipwa kwa kupiga harusi ya jirani. Makala hii inahusu kuchagua kamera ya aina hiyo na kuitumia Ruiri, mji mdogo wa Kaunti ya Meru ulio kwenye barabara ya kutoka mjini Meru kwenda Isiolo, kaskazini kidogo ya ikweta. Mengi yake yanamfaa pia mtu wa Embu, ambaye jua lake ni lilelile.

Anayetaka kamera huuliza kwanza ina megapikseli ngapi. Swali hilo halina uzito mkubwa siku hizi. Karatasi ya A4 iliyochapishwa kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji megapikseli zisizofika 9, na kamera karibu zote zilizouzwa tangu mwaka 2010 zinapita hapo. Kinachotofautisha picha nzuri na mbaya Ruiri ni mwanga, lenzi iliyoko mbele ya sensa, na ujuzi wa kuzuia kamera isizitie giza nyuso za watu weusi.

Mwanga wa ikweta

Ruiri jua huchomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:40 asubuhi mwaka mzima, na huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni. Tofauti hiyo ndogo haibadilishi ratiba ya mpiga picha. Kinachoibadilisha ni kwamba karibu na ikweta jua hupanda wimawima, nyuzi 15 kwa saa, halitambai pembeni mwa upeo kama linavyofanya Ulaya wakati wa kiangazi. Ule mwanga wa rangi ya dhahabu unaosifiwa na wapiga picha wote hudumu nusu saa hivi, ukizidi sana dakika 40. Giza nalo huingia upesi: dakika 20 na ushee baada ya jua kuzama, kazi bila fleshi au tripodi imekwisha. Mtu wa Ruiri anayetaka mwanga huo hana budi kuwa ameshafika mahali pake kabla jua halijachomoza.

Hapo jiografia inamsaidia. Mlima Kenya, wenye kilele cha Batian cha mita 5,199, uko kusini-magharibi mwa Ruiri, umbali wa karibu kilomita 50 kwa mstari ulionyooka, na jua huchomoza upande wa milima ya Nyambene. Kwa hiyo asubuhi mwanga hutoka mgongoni au ubavuni mwa mpiga picha na kuuangaza mlima usoni, barafu iliyobaki na majabali yakaonekana. Kufikia saa tatu au saa nne mawingu huwa yamekwisha kuuvaa. Jioni, hata mawingu yakiondoka, jua huwa limeingia upande wa mlima na kuuacha ukiwa umbo jeusi. Lenzi pana huufanya mlima kuwa kijiwe kidogo nyuma ya nyaya za umeme. Ni lenzi ya milimita 200 na zaidi inayorudisha ukubwa ambao jicho linauona. Siku bora hufuata mvua, mwezi Mei au Desemba, hewa ikiwa imeoshwa. Agosti vumbi na ukungu mkavu hupunguza rangi, na hakuna programu inayoweza kuzirudisha zote.

Kuanzia saa nne hadi saa kumi jua ni kali na liko juu. Karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba hupita utosini kabisa, kofia ikatupa kivuli hadi kidevuni na macho yakawa mashimo meusi. Dawa yake ni kumhamisha mtu. Baraza la duka, kivuli cha mgrevilea ulio pembeni mwa shamba, au mlango wa nyumba uliofunguliwa hutoa mwanga laini unaotoka upande mmoja, na ukuta mweupe ulio mkabala huujaza uso. Mahali pasipo na kivuli, fleshi ndogo ya kamera ikiwashwa mchana huondoa mashimo hayo ya macho. Wengi hawaijaribu kwa kudhani fleshi ni ya usiku.

Sensa na lenzi

Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa na mhandisi Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, megapikseli 0.01 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Tangu hapo sensa zimeboreka mno, lakini kanuni haijabadilika: sensa kubwa hukusanya mwanga mwingi kuliko ndogo, hivyo picha yake ya gizani huwa na chembechembe chache. Sensa ya ukubwa uitwao APS-C, inayopatikana katika kamera nyingi za bei ya kati, ina upana wa milimita 23 hivi na kimo cha milimita 15. Sensa ya simu nyingi haifiki hata moja ya tano ya eneo hilo. Mchana wa jua tofauti hiyo haionekani, na asiyetaka zaidi ya picha za familia na za kutumiana kwa WhatsApp abaki na simu yake. Kamera huonyesha thamani yake ndani ya kanisa, usiku, na mbele ya mnyama aliye mbali.

Kuna aina mbili kubwa. DSLR ni kamera yenye kioo ndani kinachorusha picha hadi kwenye tundu la kuchungulia. Kamera isiyo na kioo huonyesha picha kwa skrini. Hii ya pili ndiyo inayoendelea kutengenezwa kwa wingi, ni nyepesi, na hukuonyesha kabla ya kupiga kama uso umekuwa giza. Lakini skrini hula umeme. Kwa kipimo cha watengenezaji, betri ya Nikon D3500, ambayo ni DSLR, hupiga picha 1,550. Ile ya Canon EOS M50, isiyo na kioo, hupiga 235. Anayeishi mahali ambapo umeme hukatika, au anayekwenda kushinda kutwa katika sherehe ya mahari mbali na soketi, ahesabu bei ya betri mbili za ziada kabla hajasema kamera fulani ni rahisi.

Lenzi inayouzwa pamoja na kamera huwa ya milimita 18 hadi 55. Ikivutwa hadi mwisho, tundu lake la kuingizia mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi isiyo na zumu ya milimita 50 au 35 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Chukua kanisa la mabati lenye madirisha madogo, siku ya harusi, maharusi wakitembea kutoka madhabahuni. Ikiwa lenzi ya kwanza inalazimisha shata ikae wazi kwa moja ya kumi ya sekunde, maharusi watatoka kama moshi. Ile ya f/1.8, bila kugusa kitu kingine, inaruhusu moja ya mia, na hatua yao inaganda. Lenzi hizo ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo fedha inayotumika vizuri kuliko zote: afadhali kamera ya zamani yenye lenzi hiyo kuliko kamera mpya isiyo nayo.

Wanyama wanadai kitu kingine. Hifadhi ya Lewa, iliyoingizwa pamoja na msitu wa Ngare Ndare katika eneo la urithi wa dunia la Mlima Kenya mwaka 2013, iko katika kaunti hiihii. Iko pia Mbuga ya Taifa ya Meru, ambako Joy na George Adamson walimrudisha porini simba Elsa, na ambayo watu wengi wa ng'ambo waliijua kwa picha za kitabu cha Joy cha mwaka 1960. Kwa faru na simba, lenzi inayofika milimita 300 ndiyo mwanzo. Iegemeze juu ya mfuko wa maharagwe kwenye dirisha la gari, injini ikiwa imezimwa. Tripodi haina nafasi ndani ya gari.

Kununua

Kamera nyingi zinazofika mikononi mwa wapiga picha wa ridhaa Meru ni za mitumba, zile ziitwazo ex-UK, kutoka maduka ya Nairobi, hasa yale ya Luthuli Avenue na mitaa ya jirani, au kutoka kwa mtu anayeuza ili anunue nyingine. Hakuna ubaya, mradi uikague mwenyewe. Weka tundu kwenye f/16, piga mbingu tupu, kisha ikuze picha kwenye skrini: madoa meusi yasiyohama ni vumbi juu ya sensa. Mulika tochi ndani ya lenzi utafute nyuzi za kuvu, ugonjwa wa lenzi zilizokaa pwani. Uliza idadi ya mara ambazo shata imefunguka. Kamera za bei ya kati hujengwa kwa matarajio ya mara 100,000 hivi, na Nikon huiandika idadi hiyo ndani ya faili ya kila picha. Anayenunua Nikon za mifululizo ya D3000 na D5000 ajue pia kwamba hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za zamani zisizo na mota yake zitalazimu fokasi ya mkono. Kadi bandia ni nyingi. Ijaze kadi mpya yote siku ya kwanza, uyafungue mafaili ya mwisho. Kadi iliyoandikwa GB 64 kumbe ni 8 hupoteza picha za harusi nzima bila kutoa onyo.

Nyuso nyeusi na kipimo cha kamera

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinachotazama. Hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kina wangavu wa rangi ya kijivu, kama asilimia 18. Mama akisimama mbele ya mbingu nyeupe, kamera huona mwanga mwingi, hupunguza, na uso wake unatoka mweusi tititi bila macho. Tatizo hili lina historia. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za filamu zilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi zikapoteza undani wake kwa miongo mingi. Dijitali imeiondoa kemia ya filamu. Kosa la kipimo limebaki mikononi mwa mpigaji.

Njia ni rahisi. Tafuta kitufe chenye alama za kuongeza na kutoa, uongeze +1 mtu akiwa na mbingu nyuma yake. Au weka kipimo cha nukta moja, ukielekeze kwenye shavu. Bibi harusi ana gauni jeupe karibu na uso wake, kwa hiyo ongezeko kubwa litaiunguza lesi yote. Hapo msogeze kivulini, ambako pengo kati ya gauni na ngozi hupungua, na utumie faili ya RAW, yaani data ghafi ya sensa. RAW ya biti 12 hubeba ngazi 4,096 za mwanga pale ambapo JPEG hubeba 256, na ndizo zinazokuruhusu kuung'arisha uso baadaye kwenye kompyuta bila ngozi kugeuka ya kijivu.

Tenti za sherehe ni mtego mwingine. Tenti ya buluu huwafanya wazee wote waliokaa chini yake wawe wa buluu, na ya manjano huwapa wote homa. Piga karatasi nyeupe ndani ya tenti ileile, uiambie kamera kwamba hiyo ndiyo nyeupe. Tenti zenye mistari ya rangi mbili hazina tiba. Waombe watu watoke hadi ukingoni.

Vumbi na ruhusa

Usibadilishe lenzi ukiwa kwenye pikapu au kando ya barabara ya murramu. Ikibidi, zima kamera, geuza mdomo wake uangalie chini, geuka uupe upepo mgongo, kisha fanya haraka. Vumbi la sensa hupulizwa kwa kipuliza cha mpira. Pumzi ya mdomo hutia mate.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huhesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Picha za nyumbani hazihusiki, lakini ukiitumia sura ya mtu kutangaza biashara bila idhini yake unaweza kuadhibiwa: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sokoni, salimu kwanza, omba, kisha piga. Na ukiahidi kuleta nakala, ilete. Vikao vya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, si mahali pa kuingia na kamera bila ruhusa ya wazee.

Haki miliki ya picha isiyoagizwa na mteja ni ya aliyeipiga na Kenya hudumu miaka 50, ila haina faida kwa picha iliyopotea. Nakili kazi yako mahali pawili siku ileile. Chapisha zile chache zilizo bora, na nyuma ya kila moja andika kwa penseli majina ya waliomo, mahali na tarehe, ungali unayakumbuka.