SIMU INAKUUMIZA KICHWA? HUENDA KIOO CHAKO KINAWAKA NA KUZIMA

Wadau, salaam kutoka Mollo, huku juu Ufipa, ambako baridi ya Juni na Julai inakufanya uandike ukiwa ndani ya blanketi. Kabla hamjaanza, zile stori zenu za Sumbawanga, za radi na ungo, naomba leo mziweke pembeni. Nitazigusa mwenyewe huko mbele, maana na mimi nusura nipelekwe kwa mtaalamu.

Basi bwana, mwaka jana baada ya mavuno niliuza magunia yangu ya mahindi, nikaongezea na vijisenti vya kuandika, nikanunua simu ya kisasa iliyotumika. Jina sitaji. Kioo AMOLED, rangi zinawaka hatari, kijiwe kizima walikuja kuangalia. Lengo lilikuwa niandike nikiwa nyumbani, niache kupanda bodaboda kila siku kwenda kafe mjini Sumbawanga kwa ajili ya aya mbili tatu.

Tatizo likaanza wiki ya kwanza. Mimi nalala chumba kimoja na wadogo zangu wawili, kwa hiyo naandika usiku, taa imezimwa, na mwangaza wa simu nimeushusha mpaka mwisho kabisa ili nisiwaamshe na pia chaji isiishe. Baada ya dakika kama ishirini hivi, jicho la kulia linaanza kuvuta kwa nyuma, kichwa kinagonga, halafu kichefuchefu. Nikiweka simu chini, saa moja baadaye nafuu. Nikiishika tena, yale yale.

Huku kwetu kichwa kikiuma, cha kwanza ni malaria. Nilienda kupima: hakuna. Presha: sawa. Macho: naona vizuri, sihitaji miwani. Nikarudi na Panadol zangu. Shangazi yangu naye akaja na jibu lake.

"Mwanangu, hiki kichwa si cha bure. Kuna mtu hajapenda uwe na simu."

"Shangazi, simu mbona wanazo wote hapa?"

"Wanazo, lakini viswaswadu."

Nilicheka, ila kusema kweli nilianza kuogopa. Kuandika ndiyo kazi yangu, sina cheti kingine zaidi ya cha fomu foo. Nisipoweza kukaa na kioo nusu saa, nitakula nini?

Kilichonistua ni jambo moja. Kwenye kompyuta ya kafe nakaa saa tatu, sina shida. Kwenye kiswaswadu cha shangazi, sina shida. Ni ile simu tu. Halafu siku moja nilitaka kuwarekodia wadau video ya jinsi ya kujaza fomu ya mkopo wa chuo, nikaazima simu ya rafiki nikawa nairekodi simu yangu. Kwenye video nikaona mistari myeusi inapita juu ya kioo changu, inashuka kama mawimbi. Kwa macho ya kawaida, kioo kimetulia tuli! Hapo ndipo nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata, kwa faida ya wengine wanaoteseka kimya kimya.

Vioo vya simu viko vya aina mbili kubwa. LCD ina taa nyuma yake, na picha inakaa mbele ya hiyo taa. OLED (AMOLED ni ndugu yake) haina taa nyuma, kila kinukta kinajiwakia chenyewe. Sasa ukishusha mwangaza, LCD nyingi zinapunguza umeme wa ile taa, inafifia kama koroboi unayoshusha utambi. OLED haipendi hivyo. Umeme ukiwa mdogo sana vinukta havilingani, rangi zinaharibika, kioo kinakuwa na mabaka ya kijani au pinki. Kwa hiyo watengenezaji wanatumia ujanja: wanaacha kioo kiwake kwa nguvu lakini wanakizima na kukiwasha haraka haraka. Ukitaka mwanga mdogo, muda wa kuzima unakuwa mrefu kuliko wa kuwaka. Ubongo unachanganya yote unaona mwanga hafifu uliotulia. Mafundi wanaita PWM, yaani kurekebisha upana wa mpigo.

Ina maana mimi, kwa kushusha mwangaza mpaka mwisho gizani nikidhani nalinda macho, ndiyo nilikuwa najimaliza. Pale chini kabisa ndipo kiza kati ya mpigo na mpigo kinapokuwa kirefu zaidi. Na gizani mboni imefunguka yote.

Ni haraka kiasi gani? iPhone X, iliyotoka 2017 ikiwa iPhone ya kwanza yenye OLED, inapiga kama mara 240 kwa sekunde. Galaxy nyingi za Samsung zilikuwa hapo hapo 240, na baadaye simu kubwa za kampuni zote mbili zikapanda kwenye 480 hivi. Jicho la kawaida linaacha kuona kitu kikiwaka na kuzima kikifika mara 50 mpaka 90 kwa sekunde. Kwa hiyo mtu atakuuliza, sasa kama huoni, kinakuumiza vipi? Swali zuri. Jibu ni kwamba kutokuona si sawa na kutopokea. Vipimo vya umeme wa jicho vimeonyesha retina inaitikia mwanga wa zaidi ya mara 100 kwa sekunde ambao mwenye jicho anaapa umetulia. Na macho hayakai sehemu moja, unaposoma yanaruka kutoka neno hadi neno, na wakati wa kuruka ule mwanga unaacha alama nyingi zilizopangana badala ya moja.

Jambo hili halikuanza na simu. Umeme wetu Tanzania ni wa 50 Hz, na zile taa ndefu za tyubu za zamani zinapiga mara 100 kwa sekunde. Mwaka 1989 mtafiti Arnold Wilkins na wenzake Uingereza walichapisha majaribio waliyofanya ofisini: wafanyakazi walikaa chini ya tyubu za kawaida, kisha chini ya tyubu zenye kifaa kinachopiga maelfu ya mara kwa sekunde, bila kuambiwa ipi ni ipi. Maumivu ya kichwa na macho yalipungua kwa zaidi ya nusu. Ule ni utafiti wa taa, si wa simu, msije mkanishika shati. Lakini unaonyesha kwamba mwanga usioonekana kuchezacheza unaweza kuuma kichwa.

Wakongwe wa kafe mtakumbuka zile kompyuta zenye kisogo. Nyingi ziliachwa kwenye 60 Hz, ukizitazama kwa pembeni unaona kabisa zinatetemeka, na ukitoka kafe kichwa kizito, unasingizia joto. Aliyejua aliingia kwenye mipangilio ya Windows akapandisha mpaka 75 au 85, mateja wakakaa zaidi.

Mwaka 2015 taasisi ya wahandisi wa umeme ya IEEE ilitoa mwongozo wa taa za LED unaoitwa 1789. Kwa taa inayozima kabisa kati ya mpigo na mpigo, hatari inahesabika ndogo kuanzia mara 1250 kwa sekunde, na kuanzia 3000 wanasema hakuna athari inayotegemewa. Linganisha na ile 240! Ndiyo maana Honor walipotoa Honor 90 mwaka 2023 walijisifia 3840. Apple nao, kwenye iPhone 17 za mwaka 2025, waliweka kwenye sehemu ya ufikivu kitufe cha kulainisha mipigo ya kioo. Mtu haweki dawa pasipo na mgonjwa, au mnasemaje?

Hapa kuna mtego madukani, nauandika kwa herufi kubwa: HZ ZA MUUZAJI SI HZ HIZI. Anapokwambia simu ina 90 au 120 Hz, anazungumzia picha inabadilika mara ngapi kwa sekunde, ndiyo maana ukiteleza na kidole inakwenda laini. Hiyo haikwambii lolote kuhusu kioo kinazima mara ngapi. Simu yangu ilikuwa na 120 na bado iliniangusha.

Kabla hujatoa hela, pima mwenyewe. Fungua ukurasa mweupe, shusha mwangaza, nenda sehemu yenye giza, kisha chukua njiti ya kiberiti au kalamu ya Bic uipeperushe haraka mbele ya kioo. Ukiona njiti moja imesambaa kama ukungu, kioo kimetulia au kinapiga haraka sana. Ukiona njiti nyingi zimejipanga kama meno ya kitana, kinawaka na kuzima taratibu. Njia ya pili ni kamera ya simu nyingine yenye sehemu ya kitaalamu: weka kasi ya 1/1000 au zaidi, elekeza kwenye kioo, tafuta ile mistari myeusi. Muuzaji atakushangaa ukipunga njiti dukani, mwache ashangae, hela ni yako. Ila kuona mistari hakumaanishi wewe utaumwa. Wengi wanaishi na OLED miaka na hawajui hata tunazungumza nini.

Simu nyingi za bei ya chini za itel, Tecno na Infinix bado zina LCD, AMOLED wanaiweka kwenye matoleo ya juu. Kwa iPhone, XR na 11 ni LCD. Kwa hiyo wale mnaochekwa kijiweni kwa kioo kisichokuwa na rangi kali, huenda mna amani kuliko mwenye kucheka. Na kuna kichekesho kingine: iPhone yenye OLED ikipasuka kioo, mafundi wengi wanaweka kioo cha kopi, na baadhi ya kopi hizo ni LCD. Mtu analalamika amewekewa feki, kumbe kichwa kimepona. Si zote lakini, maana hata LCD zipo zinazopiga, kwa hiyo njiti ya kiberiti haina mbadala. Taa za sola zenye ngazi za mwanga nazo zijaribu, baadhi zinafifishwa kwa ujanja ule ule.

Kama simu umeshanunua, pandisha mwangaza zaidi ya nusu na uwashe taa chumbani. Kama ni mkali mno, Android 12 ya mwaka 2021 kuja juu ina sehemu ya kupunguza mwangaza zaidi, iko kwenye ufikivu: kwanza inua mwangaza wa kawaida, kisha iwashe hiyo, itatia kivuli juu ya picha. iPhone ina ya kupunguza weupe, ni wazo lile lile. Baadhi ya Xiaomi, Realme, Oppo na OnePlus zina kitufe cha kuzuia kumetameta, tafuta kwenye mipangilio ya kioo. Mwanga wa njano wa usiku hausaidii kitu kwenye hili, unabadili rangi tu. Na miwani ya kuzuia bluu msinunue kwa ajili hii: mapitio ya Cochrane ya 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kuwa inapunguza uchovu wa macho.

Pia tusisingizie mipigo kila kitu. Ukikodolea kioo unapepesa macho mara chache, yanakauka, na huku kwetu upepo unamalizia. Kila dakika 20 tazama mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Panadol nazo ziangalieni. Ukimeza vidonge vya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, vyenyewe vinaweza kuwa chanzo cha kichwa kuuma, na kwa vile vya mchanganyiko zinatosha siku 10. Mimi nilikuwa nimeanza kuvikaribia.

Wengine wanachanganya hili na kifafa. Mwanga unaoamsha kifafa kwa wachache wenye hali hiyo ni wa taratibu, kama mara 3 mpaka 30 kwa sekunde, unaouona wazi. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani katuni ya Pokémon ilirusha mwanga mwekundu na wa bluu kama mara 12 kwa sekunde, na watu 685, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitali. Hiyo ni mipigo ya kwenye picha yenyewe, haihusiani na aina ya kioo.

Na kichwa kikija ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuisikia, au pamoja na homa na shingo kukaza, kuona mawili, upande mmoja wa mwili kulegea, au baada ya kuanguka, hapo usipunge njiti yoyote. Kimbia hospitali.

Yangu iliishia hivi. Niliifuata ile ya mwangaza wa juu kwa wiki mbili, nafuu ikaja lakini si yote. Kuiuza kimya kimya roho ilikataa. Nikamweleza binamu yangu kila kitu, nikampungia njiti mbele yake, akaziona zile njiti nyingi, akasema yeye anaitaka hivyo hivyo. Tukabadilishana, akanipa Tecno yake ya LCD na chenji kidogo. Huu ni mwezi wa tano anaangalia mpira kwenye ile simu usiku kucha, hajawahi kulalamika hata siku moja. Mimi nimeandika makala hii yote kwenye Tecno, gizani, wadogo zangu wamelala. Shangazi bado anasema ni kwa sababu sasa nina simu ya kawaida kama ya watu wengine.

Wadau, kama umepima yako leteni majibu hapo chini, andika jina la simu na ulichokiona, njiti moja au kitana.