Kabla ya Mjusi, Nyenje

Mwaka 1795 Mjerumani Johann Matthäus Bechstein alichapisha kitabu kuhusu ndege wanaofugwa ndani ya nyumba, na humo akaeleza namna ya kuzalisha mabuu ya mbawakawa wa unga, wale wadudu wa rangi ya dhahabu wanaokutwa chini ya magunia ya nafaka. Tia chunguni pumba za ngano au unga wa shayiri, ongeza vipande vya ngozi ya kiatu kikuukuu, mwaga mabuu uliyoyapata kwa mwoka mikate au msaga nafaka, funika kwa kitambaa cha sufu kilicholoweshwa bia, kisha usiyaguse kwa miezi mitatu. Ukiondoa ngozi na bia, na kuweka kipande cha karoti kwa ajili ya unyevu, ndivyo ninavyofanya mimi hapa Columbus, Ohio, kwenye chumba cha chini ya nyumba, karibu na mashine ya kufulia.

Binti yangu anafuga mjusi wa madoadoa, wa jamii iliyotoka Pakistani na Afghanistan. Mjusi ni wake, wadudu ni wangu. Nimewalea muda wa kutosha kuamini jambo ambalo vitabu vya wanyama hulipita haraka: historia ya kufuga reptilia ni historia ya kuwatafutia chakula. Nyoka anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike. Mjusi mdogo na kinyonga hawawezi hivyo, tena kinyonga huutupa ulimi wake kwa kitu kinachotembea; ukimwekea mdudu aliyekufa hana habari naye. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya reptilia mwaka 1849, ya kwanza duniani, na meli zikawa zinaleta wanyama kutoka kila pembe. Majira ya joto mtunzaji aliweza kukamata panzi majanini. Baridi ikiingia, panzi hakuna, kilichobaki ni yale mabuu ya pumba, ambayo peke yake si lishe ya kumkuza mnyama.

Mlango ulifunguliwa na wavuvi. Kusini mwa Marekani watu hupenda kuvua samaki wadogo wa maji baridi kwa chambo cha nyenje hai, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wapo walioona kwamba kuwazalisha ni kazi yenye faida kuliko kuwawinda vichakani usiku. Mwaka 1947 Tal Armstrong alianza shamba la nyenje huko Georgia, na mwaka 1953 Richard Fluker akaanza la kwake Louisiana. Hawakuwa na mjusi kichwani hata kidogo. Lakini kuanzia miaka ya 1970, vijana walipoanza kuzalisha mijusi majumbani, walikuta nyenje wa kila saizi wanauzwa na kutumwa kwa posta ndani ya maboksi yenye matundu, kiangazi na masika. Bila chambo cha wavuvi wale, sidhani kama watoto wa Marekani wangekuwa na mijusi vyumbani.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka jicho. Nyenje wangu wanakaa kwenye makontena ya plastiki yenye wavu wa chuma juu, na ndani nimesimamisha trei za mayai ili wapate mahali pa kujificha, maana wakibanana hulana. Joto liwe karibu nyuzi 30. Jike ana mkia kama sindano. Huuchoma kwenye udongo wenye unyevu na kutaga humo. Nauhamisha ule udongo kwenye kontena lingine, na baada ya kama wiki mbili unaona vitu vidogo kama chembe za ufuta vinarukaruka. Baada ya wiki sita hadi nane nao ni wakubwa, na madume yameanza kuimba. Mama yangu yuko Lushoto. Aliposikia sauti zile kwenye simu aliuliza kama nimelala porini. Nilipomweleza akasema, "Baba, huku tunawafukuza, wewe unawanunulia pumba?" Nikamjibu kuwa ndicho chakula cha mjusi wa mjukuu wake. Akanyamaza kidogo, kwa sababu kwetu mjusi kafiri huuawa na kinyonga hukimbiwa, kisha akauliza mtoto anaendeleaje.

Kulikuwa na fumbo lililowasumbua wafugaji kwa miaka mingi. Wanyama walikula wakashiba, lakini taya zikalainika, miguu ikapinda, wakafa. Ni ugonjwa wa mifupa, ndugu wa matege ya watoto. Nyenje ana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mjusi anayemla yeye tu huichota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Dawa ikaja vipande vipande: kumshibisha mdudu mboga za majani kabla hajaliwa, kumpaka unga wa kalsiamu, na taa zinazotoa miale ya jua inayowezesha mwili kutengeneza vitamini D, ambazo zilienea madukani miaka ya 1990. Mimi humpa nyenje sukuma wiki usiku, na asubuhi namtikisa ndani ya mfuko wenye unga mweupe.

Kisha nyenje wenyewe wakaugua. Kirusi kinachomuua nyenje wa nyumbani kilikuwa kimetambuliwa Ulaya tangu 1977. Kilivuruga mashamba ya huko mwaka 2002, na mwaka 2009 na 2010 kikapiga Amerika ya Kaskazini. Mijusi hawakudhurika, lakini mashamba yaliyokuwepo kwa miongo yalifilisika. Wengine wakahamia kwa nyenje wa aina nyingine, wengine kwa mende wa Amerika ya Kusini anayezaa badala ya kutaga na asiyeweza kupanda ukuta laini. Wakati huo ndipo wengi walipoanza kuzalisha nyumbani, maana boksi la dukani lilikuwa halitabiriki tena.

Nina sababu kubwa kuliko mjusi mmoja ya kulijali jambo hili la kuzalisha wadudu. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama kisiwani Oahu, Hawaii, aliletewa vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Walifika hoi, akawaachia bustanini wapate nafuu, wakatawanyika na kuzaliana. Kenya ilipofunga usafirishaji mwaka 1981, uzao wa wale wa Hawaii ukawa chanzo kikubwa kwa wafugaji wa Marekani, na wanunuzi wakageukia pia Tanzania, pamoja na milima yetu ya Usambara. Serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na mimi naunga mkono. Kinyonga anayechukuliwa msituni na kupewa mtu asiye na wadudu ni kinyonga aliyekwisha kufa.

Lakini pengine kumchukua mnyama ndiko kunakomwokoa: angalia Kihansi, huko huko Tanzania. Chura wa Kihansi, mdogo kuliko sentimita tatu, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya Udzungwa, katika eneo la hekta chache tu. Bwawa la umeme wa megawati 180 lilipoanza kazi, maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wengine wakalelewa Toledo, hapa Ohio. Porini waliangamia, na mwaka 2009 wakatangazwa kutokuwepo tena katika mazingira yao ya asili.

Chura huyu hatagi, huzaa. Na mtoto wake ana milimita tano hivi. Utamlisha nini? Nyenje walioanguliwa jana, na nzi wa matunda wasioweza kuruka. Nzi hao ni urithi wa maabara ya Thomas Hunt Morgan katika Chuo Kikuu cha Columbia, ambako mwanzoni mwa karne ya ishirini nzi walilelewa kwenye chupa za maziwa kwa ndizi mbivu ili kuchunguza urithi wa vinasaba, na humo wakapatikana wenye mabawa yaliyosinyaa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huko nako ikabidi wadudu wazalishwe mfululizo. Desemba 2012 vyura zaidi ya 2,000 waliachiwa Kihansi.

Nilikwenda Toledo nikasimama mbele ya kioo chao. Maelezo ukutani yalitaja bwawa, maporomoko na chura. Ombi langu kwa watakaoandika historia ya Kihansi ni hili: wawatafute waliolea nzi, New York, Toledo na Dar es Salaam, wawahoji wangali hai, na waandike majina yao pamoja na ya waliorudisha vyura.